Copia: Fedha Ziliisha au Uongozi Ulikosea?

Ijumaa ya tarehe 24 Mei 2024, uendeshaji wa kampuni ya Copia Global ya Kenya ulitoka mikononi mwa wakurugenzi wake ukaingia mikononi mwa Makenzi Muthusi na Julius Ngonga wa KPMG, wasimamizi walioteuliwa kutazama kama kuna cha kuokolewa. Siku chache kabla, wafanyakazi 1,060 walikuwa wamepewa notisi kwamba huenda wakapoteza kazi. Desemba iliyotangulia, kampuni hiyohiyo ilikuwa imetangaza kupata dola milioni 20 mpya. Januari 2022 ilikuwa imepata dola milioni 50, katika raundi ya uwekezaji iliyoongozwa na Goodwell Investments. Kwa jumla, tangu Tracey Turner na Jonathan Lewis waianzishe mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100.

Copia haikuanguka peke yake. Sendy, iliyounganisha wenye mizigo na wenye magari, ilitangaza kufunga Agosti 2023. MarketForce ilifunga mwaka 2024 huduma yake ya RejaReja, iliyowawezesha wenye maduka kuagiza bidhaa. Twiga Foods, iliyoanza kwa kuwapelekea ndizi wachuuzi wa Nairobi, ilipunguza wafanyakazi 283 mwaka 2023, na mapema mwaka uliofuata mwanzilishi wake akaondoka kwenye kiti. Kila mara ubishi unakuwa uleule: wengine husema fedha za nje zilikauka, wengine husema waliokabidhiwa fedha hizo hawakujua kuongoza.

Makala haya yanauweka ubishi huo mezani kwa sauti tano: mhasibu aliyekwisha kufunga vitabu vya kampuni za namna hii, mwekezaji anayesimamia fedha za watu wengine, kijana mwanzilishi ambaye kampuni yake ilifunga, mama mwenye duka aliyewahi kuwa wakala, na wakili wa mambo ya ufilisi. Hawakupewa majina kwa sababu si watu mahususi. Ni hoja zinazosikika maofisini, barazani na kwenye matatu kila kampuni kama hii inapofunga, nazo zimekusanywa hapa zijibizane.

Kwanza, ni haki kueleza Copia ilifanya nini, maana lilikuwa wazo zuri. Mteja wake hakuhitaji simu ya kisasa wala anwani ya nyumba. Alikwenda kwenye duka au saluni ya jirani aliyesajiliwa kuwa wakala, akapekua katalogi, akachagua godoro, unga, mafuta ya kupikia au sabuni. Wakala akaingiza oda kwa simu, mzigo ukafika dukani baada ya siku chache, naye akapata kamisheni. Kwa familia inayoishi mahali ambapo njia haina jina na duka la karibu lina aina mbili tu za kila kitu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuchagua kama mtu wa mjini anavyochagua.

Mhasibu ndiye aliyeanza, na hakuanza na dola milioni 100. Alianza na kikapu kimoja.

“Chukueni oda ya shilingi 1,000,” alisema. “Sukari, unga, mafuta. Bidhaa hizi faida yake ni nyembamba kila mahali duniani. Kwa mfano tu, tuseme kampuni inabaki na shilingi 100 baada ya kumlipa mwenye kiwanda. Mpe wakala 40. Zimebaki 60. Sasa kuna lori linalotoka ghalani kwenda Murang’a, kuna dereva na utingo, kuna dizeli, kuna boksi na gundi, kuna mtu aliyezunguka rafu kwa rafu akiokota bidhaa, na kuna ile oda ambayo mteja amebadili nia ikarudi ilikotoka. Ikiwa hayo yote yanazidi shilingi 60, kila mteja mpya ni hasara mpya. Ukipata wateja milioni moja, umezaa hasara milioni moja. Hapo usiniambie habari za riba za Marekani.”

Mwekezaji alimkatiza. Alisema hesabu hiyo ni ya lori lililojaa nusu. Lori likijaa, gharama ya kila boksi inashuka, na shilingi 60 zinatosha na kubaki. Ndiyo maana watu wa fedha walikuwa tayari kubeba hasara ya miaka ya mwanzo: walikuwa wakilipia safari za lori tupu mpaka lijae.

“Ndugu yangu, lori hujaa kwa wateja walio jirani,” mhasibu alijibu. “Halijai kwa wateja wa nchi mbili. Copia ilivuka kwenda Uganda, na mwaka 2023 ikafunga huko. MarketForce iliingia Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Nigeria. Nionyeshe lori linalojaa kwa kuokota oda kumi Kampala na oda kumi Lagos.”

Hoja hii ina uzito kuliko inavyoonekana kwa haraka. Kampuni inayouza programu tupu inaweza kuingia nchi mpya bila kununua hata mkokoteni. Kampuni inayobeba unga haiwezi. Kila mji mpya unataka ghala, magari, leseni, meneja na mwizi wa kukabiliana naye. Wenye kampuni hizi walijiita kampuni za teknolojia, na wawekezaji wakawathamini hivyo, lakini sehemu kubwa ya gharama zao ilikuwa ya uchukuzi na jumla, kazi ambayo Wahindi wa River Road, Waarabu wa Mombasa na Wasomali wa Eastleigh wameifanya kwa vizazi, wakijua kila senti inakokwenda.

Mwekezaji hakukubali kuachwa hapo. Alitaka tarehe zizungumze.

Machi 2022, alieleza, riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa imepanda hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Mfuko wa pensheni wa Ulaya au tajiri wa California ambaye mwaka 2021 hakuwa na pa kuweka fedha ila kwenye kampuni changa, sasa aliweza kuikopesha serikali ya Marekani na kulala usingizi. Kwa hesabu za kampuni ya uwekezaji ya Partech, fedha zilizoingia kwenye kampuni changa za Afrika, hisa na mikopo pamoja, zilishuka kutoka dola bilioni 6.5 mwaka 2022 hadi bilioni 3.5 mwaka 2023.

“Na shilingi?” aliendelea. “Januari 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Mwanzoni mwa 2024 ikafika 160. Mimi nimewapa dola, na mabosi wangu wananidai dola. Kampuni ikiongeza mauzo yake kwa asilimia 40 kwa shilingi katika kipindi hicho, kwangu mimi haijakua hata kidogo. Imesimama palepale. Mkurugenzi gani angeweza kukimbia kasi hiyo? Mhasibu anazungumza kama mtu aliyekaa chumba kisicho na dirisha.”

Hapa mhasibu alinyamaza, na alikuwa na sababu. Kuporomoka kwa shilingi hakukutokana na uamuzi wa mkurugenzi yeyote wa kampuni changa. Kampuni iliyopanga matumizi yake mwaka 2021 ikitumaini raundi nyingine baada ya miezi 18 ilijikuta mlango umefungwa na thamani yake kwa dola imekatwa bila kosa lake. Sendy ni mfano. Ilipata dola milioni 20 mwaka 2020. Mwaka 2022 ilitafuta nyingine nyingi zaidi, haikuzipata kwa kiwango ilichotaka, ikaanza kupunguza watu, ikafunga sehemu ya biashara yake, na mwaka uliofuata ikaisha. Meshack Alloys, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa ameijenga tangu katikati ya miaka ya 2010. Si rahisi kumwambia mtu kama huyo kwamba alikosa bidii.

Kijana mwanzilishi alikuwa amejizuia kwa muda mrefu.

“Mzee mhasibu ana haki, na bwana mwekezaji ana haki,” alisema, “lakini hakuna kati yenu aliyesema nani aliagiza lori liende Kampala. Mwaka 2021 nilipokaa mbele ya wawekezaji na hesabu ya mji mmoja unaojilipa, waliniambia soko ni dogo. Aliyekuja baada yangu na ramani ya nchi kumi alipewa fedha. Mwaka 2023 watu walewale wakaniuliza kwa nini sina faida. Mkurugenzi hachagui kasi peke yake. Anayeleta fedha ndiye anayechagua kasi, na mara nyingi anachagua pia kiongozi anayeipenda kasi hiyo.”

Aliongeza jambo ambalo wasomaji wengi wa vichwa vya habari hawalijui: fedha iliyotangazwa si fedha iliyoko benki. Dola milioni 40 za MarketForce, zilizotangazwa Februari 2022, zilielezwa tangu mwanzo kuwa mchanganyiko wa hisa na mkopo. Mkopo una riba, na unarudishwa. Raundi nyingine hutolewa kwa vipande, kipande cha pili kikisubiri malengo ya kipande cha kwanza, na mwenye kuahidi anaweza kujiondoa katikati. Wafanyakazi husoma gazetini kwamba kampuni yao ni tajiri, wanaomba nyongeza ya mshahara, huku mkurugenzi akijua kwamba zilizoingia zinatosha miezi saba.

“Na hapo ndipo unapoanza kudanganya,” alisema kijana. “Hutaki, lakini ukisema ukweli, wahandisi wako bora wanaondoka wiki hiyohiyo. Wauzaji wanataka kulipwa taslimu. Benki inakupigia simu. Ukweli wenyewe unaweza kukuua kabla ya raundi kufika.”

Mama mwenye duka alimtazama kwa muda. “Mwanangu,” alisema, “mimi nilikuwa wakala wa kampuni moja, sitaitaja. Wateja wangu ni majirani zangu. Mama akilipia godoro la mtoto anayekwenda shule ya bweni, halipii kampuni, ananilipia mimi. Boksi lisipofika, hampigii mtu wa Nairobi. Anakuja hapa asubuhi kabla sijafungua, anasimama mlangoni. Wewe unasema ulinyamaza ili wahandisi wasiondoke. Mimi nani aliniambia niondoke?”

Baraza lote lilikaa kimya kidogo, kisha likarudi kwenye ubishi, lakini ubishi haukuwa uleule tena. Mpaka hapo, mhasibu na mwekezaji walikuwa wakigombania sababu. Mama aliuliza kuhusu gharama ya kukosea, na nani anailipa. Hilo ndilo swali ambalo makala mengi kuhusu kampuni zilizofungwa hulipita. Mwekezaji wa kampuni kama hizi amegawanya fedha zake kwenye kampuni 20 au 30, akijua nyingi zitakufa na moja au mbili zitarudisha gharama za zote. Huo ndio mpango wake tangu mwanzo, na hakuna ubaya ndani yake. Wakala ana duka moja na jina moja. Hakuwekeza kwenye kampuni 30.

Wakili aliombwa aeleze sheria inasemaje. Alieleza kwa lugha nyepesi. Kenya ina Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ambayo iliruhusu kampuni iliyokwama kukabidhiwa kwa msimamizi badala ya kuuzwa vipandevipande siku ya kwanza. Ni sheria nzuri, imeokoa biashara kadhaa. Lakini fedha zilizobaki zinapogawanywa kuna foleni. Mkopeshaji aliyeshika dhamana mahususi anakamata dhamana yake. Gharama za kazi ya ufilisi hukatwa mapema. Mishahara ya wafanyakazi ina kipaumbele, ila kwa miezi minne tu kabla ya ufilisi na isiyozidi shilingi 200,000 kwa mtu. Kinachozidi hapo, mfanyakazi anasimama na wadai wa kawaida.

“Na wakala?” mama aliuliza.

“Wakala anayedai kamisheni yake ni mdai wa kawaida, mama. Na mteja aliyelipia mzigo ambao haujaletwa pia. Wenye hisa wako nyuma yenu, hilo ni kweli. Lakini wao walijua wako nyuma, na walipangia hivyo. Wewe hukuambiwa kwamba umo kwenye foleni.”

Alitaja pia kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe notisi ya angalau mwezi mmoja na alipe malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Ndiyo maana habari za kampuni hizi mara nyingi hujulikana kwa barua kwa wafanyakazi kabla ya kitu kingine chochote. Sheria inamtaka mkurugenzi aseme. Tatizo ni kwamba inamtaka aseme wakati fedha za kulipa hiyo notisi pengine zimekwisha.

Mwekezaji alirudi na swali la uongozi kutoka upande mwingine. Ikiwa kosa ni la watu na si la kasi, alisema, basi kubadilisha kiongozi kungeokoa kampuni nyingi. Je, kumeokoa? Akatoa mfano wa Gro Intelligence, kampuni ya takwimu za kilimo yenye ofisi Nairobi na New York, iliyoanzishwa na Sara Menker, mzaliwa wa Ethiopia. Januari 2021 ilipata dola milioni 85. Mapema mwaka 2024 Menker alipisha mkurugenzi mwingine. Kabla ya mwaka kufika mbali, kampuni ilikuwa imefungwa.

“Kiongozi mpya anapoletwa wakati hazina imebaki na miezi michache, haongozi,” mhasibu alimjibu. “Anazika. Tazama Twiga upate picha tofauti.”

Twiga inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu haikufa. Grant Brooke na Peter Njonjo waliianzisha mwaka 2014. Njonjo alitoka Coca-Cola, kampuni inayojua kufikisha chupa ya soda kwenye kibanda cha mwisho cha kijiji cha mwisho, na ujuzi huo ndio uliowavuta wengi. Novemba 2021 ilipata dola milioni 50 katika raundi iliyoongozwa na Creadev ya Ufaransa. Baadaye ikajitosa kwenye kilimo chenyewe, ikianzisha shamba lake la mboga na matunda. Kwenye karatasi kila hatua ilikuwa na mantiki: ukinunua kutoka kwa wakulima wadogo huwezi kuhakikisha ubora, basi lima mwenyewe, ukitegemea magari ya watu huwezi kuhakikisha muda, basi simamia magari. Hatua hizo zote kwa pamoja zilitaka fedha za kampuni tatu kutoka kwenye mfuko wa kampuni moja.

Mwaka 2023 mambo yalibana. Wafanyakazi 283 waliachishwa. Kampuni iliyoiuzia huduma za Google Cloud ilikwenda mahakamani kudai zaidi ya dola 260,000, ikitaka Twiga ifilisiwe. Tafakari ukubwa wa namba hizo: kampuni iliyopata dola milioni 50 miaka miwili kabla, inaburutwa kortini kwa deni la kuhifadhi data. Mwishoni mwa mwaka wawekezaji wake wakaongeza fedha. Njonjo akaondoka mapema 2024, na Charles Ballard, aliyetoka kampuni ya mauzo ya mtandaoni ya Jumia, akachukua kiti. Tangu hapo Twiga imebadili njia: mwaka 2025 ilinunua hisa nyingi katika kampuni za usambazaji za Kenya zilizokuwapo siku zote, zenye maghala na wateja wao, badala ya kujenga kila kitu upya.

“Umeona?” mhasibu alisema. “Mwisho wa safari walikwenda kwa wale wafanyabiashara wa jumla waliodhaniwa kuwa ndio watakaofagiliwa.”

Mwanzilishi alicheka kwa uchungu, akasema somo hilo lingeweza kujifunzwa kwa bei nafuu. Kisha akataja kampuni ya vyakula, Kune, iliyoanzishwa Nairobi na Mfaransa Robin Reecht. Mwaka 2021 ilipata dola milioni moja kabla ya kujulikana na Wakenya wengi, na tangazo lake likaudhi watu kwa sababu mwanzilishi alisema siku zake za kwanza nchini hakuona chakula kizuri cha bei nafuu. Wapishi wa vibanda vya Nairobi wangeweza kumwonyesha. Juni 2022 Kune ilifunga, ikieleza kwamba bei ya dola tatu kwa sahani haikutosha kuiendesha.

“Sisemi mgeni asifanye biashara hapa,” kijana aliendelea. “Nasema mwenye kugawa fedha yuko mbali, anamwamini anayefanana naye na anayezungumza kama yeye. Mpishi wa Gikomba anayejua sahani inagharimu nini hajui kuandika slaidi 12. Kwa hiyo swali la fedha na swali la uongozi ni swali moja. Namna fedha inavyotafutwa ndiyo inayochuja nani awe kiongozi.”

Mwandishi wa makala haya anasimama na kijana kwenye hoja hiyo. Ukisoma historia ya kampuni hizi kwa mfuatano, huoni mahali ambapo fedha inaisha na uongozi unaanza. Aliyekubali dola milioni 50 alikubali pamoja nazo muda, kasi na ramani. Alipojaribu kupunguza mwendo, alikuwa amekwisha kuajiri mamia ya watu kwa ajili ya mwendo ule wa kwanza.

Je, fedha za nyumbani zingekuwa na subira zaidi? Wakili ndiye aliyeuliza. Kanuni za Kenya huruhusu mifuko ya pensheni kuweka hadi asilimia 10 ya mali zake kwenye uwekezaji wa kampuni zisizo sokoni, lakini kinachowekwa huko ni kidogo mno. Mwekezaji alikuwa na jibu tayari: Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi, ikachukua zaidi ya shilingi bilioni 240. “Wewe ukiwa mdhamini wa pensheni ya walimu,” alimwuliza, “utaiacha hiyo ukampe kijana mwenye lori?”

Hakuna aliyemjibu, na kwa kweli jibu ni gumu. Serikali inapolipa kiwango hicho, hata mfanyabiashara mzalendo kupindukia anaweka fedha zake huko. Kwa hiyo kijana anarudi kwenye dola, na dola inarudi na ramani yake.

Mwekezaji alitaka mkutano usimalizike kwa lawama tupu, akamtaja Mtanzania Benjamin Fernandes na kampuni yake ya NALA. Ilianza kama programu ya simu ya kuwarahisishia Watanzania matumizi ya pesa za mitandao. Biashara hiyo ilipoonekana kutolipa, mwaka 2021 Fernandes aliigeuza kampuni iwe ya kutuma fedha nyumbani kutoka Uingereza. Julai 2024, wakati wenzake wengi wamefunga, NALA ilipata dola milioni 40. “Huyo alipata fedha katika ukame uleule,” alisema. “Uongozi upo.”

“Upo,” mhasibu alikubali, “lakini aligeuka akiwa bado mwepesi. Hakuwa na ghala la kufunga wala mawakala elfu wa kuwaaga. Kiongozi mzuri wa Copia angegeukia wapi, na kwa gari gani?”

Hapo ubishi ukarudi kwa mama. Aliulizwa kampuni nyingine ikija kesho na katalogi mpya, atakubali kuwa wakala? Alisema atakubali, maana kamisheni ilimlipia mtoto ada na majirani bado wanauliza. Lakini atataka jambo moja: fedha ya mteja isitumike mpaka mzigo ufike. “Fedha za M-Pesa mbona hazipotei?”

Wakili alieleza kwa nini. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha za wateja hazihesabiwi kuwa mali ya Safaricom. Zinawekwa benki chini ya amana, na kampuni haiwezi kuzichukua kulipia mshahara wala tangazo. Kanuni hizo zinawahusu watoa huduma za malipo. Duka linalouza kwa mtandao na kupokea malipo kabla ya kuleta bidhaa halimo.

“Liingizwe,” alisema mhasibu.

Mwekezaji alipinga. Alisema kampuni changa huishi kwa kuzungusha fedha hizo: mteja analipa leo, muuzaji analipwa baada ya siku 30, na katikati ndipo panapopatikana pumzi. Ukizifungia kwenye amana, unaongeza mtaji unaohitajika, na kampuni nyingi hazitaanza kabisa. Kijana mwanzilishi, aliyetarajiwa kumuunga mkono, alifikiri kisha akasema mambo mawili yote ni kweli. Kama asingeweza kugusa fedha za wateja, angefunga miezi minne au mitano kabla ya tarehe aliyofunga.

“Na ungekuwa na nini mkononi wakati huo?” mama alimwuliza.

Akahesabu. Mishahara ya mwezi mmoja ya notisi, kamisheni za mawakala wote, madeni ya wauzaji wadogo, na kidogo cha juu.

“Basi funga wakati huo, mwanangu,” mama alisema, “ili mwakani ukirudi na katalogi nyingine nikufungulie mlango.”

Mwekezaji alisema hataweka fedha kwenye kampuni yenye sharti hilo mpaka aone hesabu zake. Mhasibu akamwambia hesabu atampelekea Jumatatu.